Kros za Propela: Kukagua na Kubadilisha

Pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma hubeba injini mbele na difu nyuma, na kati ya hivyo viwili kuna nafasi ya mita moja na nusu au zaidi. Nguvu huvuka nafasi hiyo kwa propela, bomba la chuma linalozunguka chini ya sakafu ya gari. Giaboksi imefungwa kwenye chesisi na hutulia mahali pake. Difu imeshikwa na springi, hivyo hupanda na kushuka kila tairi linapokutana na shimo au tuta. Propela isiyoweza kupinda ingevunjika katika kilomita za mwanzo. Kinachoiwezesha kupinda huku ikizunguka ni kiungo kidogo chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita kros.

Katika Funyula na vijiji vya Samia, magharibi mwa Kenya, pikapu ndiyo gari la kazi zote. Hubeba omena na mbuta kutoka Sio Port, saruji na mabati kutoka mjini Busia, mihogo na mtama kutoka mashambani, mchanga na mawe ya ujenzi. Barabara nyingi ndogo ni za murramu: miezi ya kiangazi hutoa vumbi laini linalopenya kila mwanya, na mvua ndefu za Machi hadi Mei huzigeuza tope na madimbwi. Vumbi na maji ndio maadui wakubwa wa kros. Ni nadra kros kufa kwa uzee. Nyingi hufa kwa kukosa grisi na kuingiwa na maji, na hutoa dalili mapema kabla ya kukatika. Anayezijua dalili hizo hubadilisha kipande kidogo cha bei nafuu. Asiyezijua huishia kununua propela nzima, kutengeneza giaboksi, au kupata ajali.

Muundo

Kros ina mikono minne mifupi ya chuma. Kila mkono umevaa kikombe cha chuma kigumu, na ndani ya kikombe, kuuzunguka mkono, zimepangwa sindano: vijiti vyembamba vya chuma ambavyo kwa pamoja hufanya kazi ya beringi. Mdomo wa kila kikombe umezibwa kwa sili ya mpira ili grisi isitoke na maji yasiingie. Vikombe viwili vinavyotazamana huingia katika masikio ya yoki iliyochomelewa kwenye bomba la propela. Viwili vingine huingia katika masikio ya yoki ya upande wa pili, ile ya giaboksi au ya difu. Serklipu, pete ndogo ya chuma cha springi, huzuia kila kikombe kisichomoke.

Pikapu fupi mara nyingi huwa na propela ya kipande kimoja yenye kros mbili. Pikapu ndefu za milango minne, kama vile Toyota Hilux na Isuzu D-Max, mara nyingi huwa na propela ya vipande viwili yenye kros tatu, na katikati hushikiliwa na senta beringi iliyozungushiwa raba na kufungwa kwenye chesisi. Gari linalosukuma magurudumu yote manne huongezewa propela fupi ya kwenda difu ya mbele, nayo ina viungo vyake. Kwa kuwa umbali kati ya giaboksi na difu hubadilika springi zinapocheza, propela huwa pia na sehemu ya meno, splaini, ambapo kipande kimoja huteleza ndani ya kingine.

Mzigo wa viungo hivi ni mkubwa kuliko umbo lao linavyoonyesha. Injini ya dizeli ya pikapu ya kawaida hutoa msokoto wa Nm 300 hivi. Gia ya kwanza huuzidisha takriban mara nne, hivyo propela hubeba Nm 1,200 gari linapojikwamua kwenye tope. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, gari hilohilo likiwa na difu ya uwiano wa 4.1, propela huzunguka karibu mara 2,400 kwa dakika, sawa na mara 40 kwa kila sekunde.

Sababu ya kros kwenda mbilimbili

Kros moja inapofanya kazi ikiwa imepinda, haipitishi mwendo kwa usawa. Shafti ya kwanza ikizunguka kwa kasi isiyobadilika, ya pili huenda ikiharakisha na kupunguza, mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10, tofauti hiyo ni kama asilimia 1.5 juu na chini ya kasi ya kawaida. Kwa nyuzi 20 hufika asilimia 6, na kwa nyuzi 30 hupita asilimia 13. Mhandisi hawezi kuiondoa tabia hii, kwa sababu imo katika jiometri ya kiungo chenyewe.

Kinachowezekana ni kuifuta kwa kros ya pili. Yoki za ncha mbili za propela zikikaa katika mlalo mmoja, na pembe ya mbele ikilingana na ya nyuma, kros ya nyuma hupunguza pale ya mbele inapoharakisha, na difu hupokea mwendo laini. Hapa ndipo sheria mbili za ukarabati zinapotoka. Ya kwanza: propela irudishwe kama ilivyokuwa, jino kwa jino. Ikichomolewa kwenye splaini na kurudishwa ikiwa imehama jino moja tu, kros mbili huacha kusaidiana na gari hutetemeka hata kama vipande vyote ni vipya. Ya pili: chochote kinachobadilisha kimo cha gari kwa nyuma hubadilisha pembe za kros.

Kiungo hiki kina historia ndefu. Kimebeba jina la Gerolamo Cardano, mwanahisabati wa Italia wa karne ya 16, na la Robert Hooke wa Uingereza, aliyekieleza mwaka 1676 kama sehemu ya vyombo vya kuchunguza anga na kuchora saa za jua. Kilihamia kwenye magari kwa juhudi za Mmarekani Clarence Spicer, aliyepata hataza ya kiungo kilichofunikwa na kulainishwa mwaka 1903 na kuanza kukitengeneza mwaka 1904, wakati magari mengi yalikuwa yakisukumwa kwa minyororo kama ya baiskeli. Ubora wa kazi ya Spicer ulikuwa katika kuzuia uchafu na kutunza mafuta ndani. Zaidi ya karne moja baadaye, afya ya kros bado inategemea mambo hayohayo mawili.

Jinsi kros inavyokufa

Beringi ya gurudumu huzunguka duara zima na kusambaza grisi yake. Sindano za kros hazina nafasi hiyo. Huenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo, kwa pembe ya nyuzi chache, mara elfu kadhaa kwa dakika. Sehemu zilezile za mkono na kikombe ndizo zinazopokea uzito saa zote. Grisi ikisukumwa pembeni, hakuna kinachoirudisha ila grisi mpya. Chuma kikianza kusuguana na chuma, kila sindano hujichimbia mfereji wake kwenye mkono wa kros. Ndiyo maana kros iliyotolewa baada ya kufa huonyesha mistari myembamba iliyo sambamba, ambayo ukucha huihisi unapopita juu yake.

Maji huharakisha kifo hicho. Gari linalovuka dimbwi refu au kuoshwa kwa mashine ya maji mengi huachiwa maji kwenye midomo ya vikombe. Sili ikiwa imechoka, maji hupenya, grisi hubadilika rangi kuwa ya maziwa, na kutu huanza. Kutu ni unga mgumu, na ukichanganyika na grisi hufanya kazi ya msasa.

Mzigo na springi humaliza kazi. Wenye pikapu wengi huongeza mabamba ya springi za nyuma ili gari libebe magunia zaidi bila kulala. Gari hilo likiwa tupu, nyuma huinuka kuliko ilivyokusudiwa, pembe za kros huongezeka, na kros hufanya kazi ngumu wakati ambapo gari halina mzigo wowote. Likijazwa kupita kiasi, difu hubadili kimo chake na pembe ya mbele huacha kulingana na ya nyuma. Uendeshaji nao una sehemu yake: dereva anayeachia klachi ghafla katika tope, injini ikivuma, hupiga kros kwa nyundo ya msokoto wote kwa mara moja.

Dalili

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni mlio mwembamba kama wa kifaranga, unaosikika gari likienda polepole na kuongeza kasi kulingana na mwendo. Huo ni mlio wa sindano kavu. Mara nyingi hupotea baada ya kilomita chache, na dereva hudhani umepona. Katika hatua hii grisi inaweza kusaidia kama chuma bado hakijachimbika.

Dalili ya pili ni mgongano wa chuma: sauti ya “ko” wakati gari linapong'oka, gia inapobadilishwa kutoka mbele kwenda nyuma, au dereva anapoachia na kukanyaga tena mafuta. Kuna uwazi mahali fulani, na uwazi huo unajazwa kwa kishindo. Kros iliyofikia hapa haifufuliwi kwa grisi.

Dalili ya tatu ni mtetemo unaokua kwa kasi. Mtetemo wa tairi lisilosawazishwa ni wa polepole. Kwa kilomita 80 kwa saa hupiga kama mara 10 kwa sekunde, na huhisiwa zaidi kwenye usukani likiwa tairi la mbele. Mtetemo wa propela hupiga mara 40 kwa sekunde au zaidi, hivyo husikika kama mvumo unaopanda kupitia sakafu na kiti. Mtetemo ukibaki vilevile gari linapoachwa liserereke kwa gia huru kwa muda mfupi, kwenye barabara tambarare isiyo na magari, injini haihusiki, na ukaguzi uelekezwe kwenye propela na magurudumu.

Dalili zote tatu zinaweza kuwa na chanzo kingine. Difu iliyochakaa nayo hugonga, mauntini ya injini iliyokatika nayo hugonga, na senta beringi iliyopasuka raba nayo hutetemesha. Uamuzi hufanywa kwa mikono, chini ya gari.

Ukaguzi

Gari huwekwa mahali tambarare, injini huzimwa na ufunguo kutolewa. Magurudumu ya mbele huwekewa kabari za mbao au mawe, mbele na nyuma ya tairi. Ikibidi kuinua, gari hukalishwa kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini. Breki ya mkono huvutwa na gia huwekwa huru.

Ukaguzi wa kwanza ni wa macho. Kila kikombe hutazamwa kama serklipu yake ipo na kama sili haijachanika. Unga mwekundu kwenye mdomo wa kikombe ni alama ya kutu ya ndani. Katika eneo la murramu nyekundu alama hii hudanganya kwa urahisi, kwa hiyo kros hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta taa na kutazamwa tena baada ya siku moja ya kazi. Vumbi la barabara hutapakaa kila mahali. Kutu hurudi kwenye mdomo wa kikombe tu, mara nyingi kwa mistari inayotawanyika kuelekea nje kwa sababu ya mzunguko. Bomba la propela nalo hutazamwa: lisiwe limebonyea kwa jiwe, na vibamba vidogo vilivyochomelewa juu yake visiwe vimeng'oka, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyolisawazisha.

Ukaguzi wa pili ni wa mikono. Mkono mmoja hushika yoki ya difu, wa pili hushika propela karibu na kros, na viwili husokotwa kwa kupingana. Jicho hukaa kwenye kros yenyewe. Yoki mbili zikisogea pamoja, uwazi unaohisiwa uko ndani ya difu au giaboksi, na kiasi kidogo chake ni cha kawaida. Yoki moja ikisogea na nyingine ikabaki, kros imekwisha. Hakuna kiasi cha mchezo kinachokubalika hapo: uwazi ukionekana kwa jicho, kipande hicho ni cha kubadilishwa. Kisha propela husukumwa juu na chini kwa mtaimbo mdogo unaoegemezwa kwenye yoki, ili kupima vikombe vya upande mwingine. Gari husogezwa robo mzunguko wa propela na kipimo hurudiwa, kisha kazi hiyohiyo hufanywa kwa kros ya mbele na ya kati.

Senta beringi hupimwa kwa kuinua propela katikati. Raba huruhusu kusogea kidogo, lakini isiwe imepasuka, na beringi yenyewe isikwaruze inapozungushwa. Splaini hupimwa kwa kuzisokota na kuziinua. Mchezo mkubwa hapo utaleta mtetemo hata baada ya kros mpya kuwekwa.

Kros inayokaza ni mbovu kama ile inayolegea, lakini haionekani propela ikiwa garini. Propela ikishatolewa, kila kros hukunjwa kwa mkono pande zote mbili. Kros nzima hujikunja kwa ulaini na upinzani mdogo ulio sawa. Inayokwama au kuruka inapopita katikati tayari ina mifereji ya sindano.

Kununua kros

Mwaka wa gari na jina lake havitoshi dukani, kwa sababu aina moja ya pikapu inaweza kutumia kros za saizi mbili kulingana na injini na urefu. Vipimo vya kweli ni viwili: kipenyo cha kikombe, na urefu wa kros kutoka uso wa kikombe kimoja hadi uso wa kile kinachotazamana nacho. Vyote hupimwa kwa kaliba, kwa milimita. Njia salama zaidi ni kwenda dukani na kros ya zamani mkononi. Ni muhimu pia kujua kama serklipu hukaa nje ya sikio la yoki au upande wa ndani, kwa kuwa aina hizo mbili hazibadilishani.

Mpaka wa Busia na Malaba hupitisha spea nyingi, mpya na zilizotumika, na miongoni mwake zimo bandia, tatizo ambalo Kenya ililitungia sheria maalumu mwaka 2008. Kros nzuri hujionyesha: vikombe vyake vimenolewa na kung'aa kwa usawa, sindano hujaa kikombe bila pengo, sili hushika mkono barabara, na serklipu zote nne zimo. Kros ambayo vikombe vyake huanguka vyenyewe inapoinuliwa, au ambayo sindano zake zimeingia kutu dukani, irudishwe. Kros iliyotumika haifai kununuliwa kwa bei yoyote, kwa kuwa uchakavu wake umefichwa ndani. Inapokufa kros moja, ni busara kubadilisha zote za propela hiyo, maana zimeishi maisha yaleyale.

Kutoa propela

Tahadhari ya kwanza ni hii: propela ikitoka, gia haishikilii gari tena. Hata ikiwekwa gia ya kwanza, magurudumu yako huru. Katika sehemu za miinuko, kama ilivyo miguuni mwa Milima ya Samia, kazi hii haifanywi kwenye mteremko. Baadhi ya magari, Land Rover za zamani zikiwemo, yana breki ya mkono inayoshika propela badala ya magurudumu. Kwa hayo, kutoa propela ni kuondoa breki ya mkono pia, na kabari ndizo zinazobaki peke yake kulishikilia gari.

Kabla ya boliti yoyote kuguswa, alama huwekwa kwa rangi au senta panchi: kwenye flanji ya propela na ya difu, kwenye sehemu zote mbili za splaini, na kwenye kila yoki. Rangi huweza kufutika kwa mafuta ya kuoshea, kwa hiyo alama ya panchi ni bora. Boliti za flanji ya difu hufunguliwa kwanza huku propela ikiwa imeegemezwa, isije ikaning'inia na kuumiza kros ya mbele. Boliti za senta beringi hufuata, na washa zozote zilizo chini yake huhifadhiwa kwa mpangilio, kwa sababu ndizo zinazoweka pembe ya propela. Ikiwa ncha ya mbele huingia moja kwa moja ndani ya giaboksi, oili itamwagika inapochomolewa. Chombo huwekwa chini na tundu huzibwa kwa kitambaa safi au mfuko uliofungwa vizuri.

Kubadilisha kros

Propela huoshwa na kupigwa brashi ya waya, hasa kuzunguka serklipu. Serklipu hutolewa kwa koleo. Iliyoshikwa na kutu hulowekwa mafuta ya kulegeza, kisha kikombe hugongwa kidogo kuelekea ndani ili kuiondolea uzito.

Vikombe hutolewa kwa vaisi na soketi mbili. Soketi ndogo kuliko kikombe huwekwa upande mmoja, na kubwa yenye nafasi ya kukipokea kikombe huwekwa upande wa pili. Vaisi ikikazwa, soketi ndogo husukuma kros nzima, na kikombe cha upande wa pili hutokea ndani ya soketi kubwa. Kisha propela hugeuzwa na cha pili hutolewa vivyo hivyo. Gereji isiyo na vaisi hutumia nyundo, na fundi mwenye mkono mzuri hufanikiwa, mradi sikio la yoki linalopigwa liwe limeegemezwa kwenye chuma kizito. Vaisi isishike bomba la propela kamwe. Bomba ni jembamba, na kubonyea kidogo kunatosha kuharibu usawa wake.

Matundu ya yoki husafishwa na kukaguliwa. Kikombe kipya kinatakiwa kuingia kwa kubanwa. Kikiingia kwa nguvu ya vidole, tundu limepanuka na yoki hiyo ni ya kubadilishwa. Hapa hutokea kosa la hatari kuliko yote katika kazi hii: kikombe kilicholegea huzungushiwa kipande cha bati, au huchomelewa kwenye yoki. Bati hutafunwa na kutoka baada ya muda. Uchomeleaji ni mbaya zaidi. Samia ilijulikana tangu zamani kwa wahunzi walioyeyusha chuma cha milima yao na kufua majembe, na mhunzi yeyote anajua kwamba chuma kilichokazwa kikipashwa moto tena na kuachwa kipoe taratibu hulainika. Ndivyo moto wa kuchomelea unavyovifanyia kikombe na sindano. Kros hiyo huchakaa haraka, haiwezi kutolewa tena bila kukata yoki, na uzito wa chuma kilichoongezwa huvuruga usawa wa propela.

Kros mpya hutolewa vikombe vyote vinne kwa uangalifu, na sindano hukaguliwa kuwa zimesimama zote. Hupakwa grisi kidogo inayozishikilia mahali pake. Kros huingizwa kwenye yoki ikiwa tupu, nipeli ya grisi ikielekezwa upande wa bomba la propela ambako pampu ya grisi itaifikia. Kikombe cha kwanza huanza kubanwa na vaisi, na mkono wa kros huinuliwa uingie ndani yake ukiwa umenyooka, kisha cha pili hubanwa kutoka upande wa pili. Muda wote huo fundi huichezesha kros kwa mkono. Ikikaza ghafla, kazi husimama.

Kikombe kikigoma kufika mahali pake na mfereji wa serklipu usionekane, karibu kila mara sindano moja imeanguka na kulala chini ya mkono. Nguvu zaidi huipasua sindano au kikombe. Kikombe hutolewa, sindano hupangwa upya, na kazi hurudiwa.

Serklipu za pande mbili zinazotazamana ziwe za unene mmoja, ili kros ikae katikati kabisa. Ikihama hata sehemu ndogo ya milimita, propela huzunguka nje ya mhimili wake. Pikapu nyingi za Kijapani huuziwa serklipu za unene tofauti, ili fundi achague zinazoacha mchezo usiozidi mm 0.05 kati ya kikombe na serklipu. Baada ya serklipu kukaa, masikio ya yoki hugongwa kidogo kwa nyundo ya shaba au plastiki ili kuondoa mbano uliobaki, na kros hukunjwa tena pande zote. Ikiwa bado inakaza, kuna kosa, na haitajirekebisha barabarani.

Grisi hutiwa mwisho, ya lithiamu ya daraja la 2, hadi itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa grisi kimeziba, na ndicho kitakachokufa kwanza. Kros zisizo na nipeli zimejazwa kiwandani na haziongezewi. Badala yake hukaguliwa mara nyingi zaidi.

Kurudisha na kujaribu

Propela hurudishwa kwa kufuata alama zote. Splaini hupakwa grisi, nyuso za flanji husafishwa zisibaki na chembe ya mchanga, na boliti hukazwa kwa mpangilio wa kukingamana, kidogo kidogo, hadi kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Nati za kujifunga zenyewe hubadilishwa kwa mpya. Senta beringi hukazwa mwishoni, ikiwa imekaa bila kuvutwa mbele wala nyuma. Oili ya giaboksi iliyopotea huongezwa.

Gari hujaribiwa polepole kwanza, kisha kwa kasi ya kawaida, bila mzigo na baadaye likiwa na mzigo. Mtetemo mpya ambao haukuwepo huashiria alama zisizofuatwa, kros isiyokaa katikati, au washa za senta beringi zilizosahauliwa. Vyote vikiwa sawa na mtetemo ukaendelea, propela yenyewe imepinda au imepoteza usawa, na hupelekwa kwa wenye mashine ya kusawazisha. Baada ya siku chache za kazi, boliti zote hukaguliwa tena kwa spana.

Haraka ya ukarabati hupimwa kwa madhara ya kukatika. Kros ya nyuma ikikatika, propela hupigapiga chini ya gari na inaweza kukata bomba la breki au la mafuta. Kros ya mbele ikikatika, ncha ya propela huanguka, hujichimbia barabarani, na huweza kuinua gari na kulipindua. Gari lenye mgongano wa chuma unaosikika halifai kupakiwa abiria wala mzigo hadi litengenezwe.

Viungo vya mhimili wa mbele

Pikapu ya kisasa inayosukuma magurudumu yote manne ina shafti mbili fupi za mbele zenye viungo vya aina nyingine: mipira ya chuma inayokimbia ndani ya mifereji, iliyofunikwa kwa buti ya mpira. Viungo hivi hupitisha kasi bila kuibadilisha hata vinapopinda sana, ndiyo maana hufaa kwa magurudumu yanayopindishwa na usukani. Maisha yake yote yako kwenye buti. Buti ikipasuka, grisi hutupwa nje na tope huingia ndani. Ufa ukigunduliwa mapema, buti na grisi vinatosha. Mlio wa “kata-kata” gari likikata kona huku usukani umezungushwa hadi mwisho ni ishara kwamba mipira imekwisha kuchimba, na kiungo chote hubadilishwa.

Ratiba ya matunzo

Kwa barabara za lami, pampu ya grisi kila kilomita 10,000 inatosha kwa magari mengi. Kwa murramu na mizigo ya Samia, kilomita 5,000 ndizo zinazofaa, na kwa kuwa wengi hubadilisha oili ya injini kwa umbali huohuo, kazi mbili hufanywa kwa siku moja. Gari likivuka maji yaliyofika kwenye difu, grisi hutiwa siku hiyohiyo, ili grisi mpya isukume maji nje kabla kutu haijaanza. Kabla ya kila kutia, nipeli hupanguswa, la sivyo mchanga ulio juu yake huingizwa ndani pamoja na grisi.

Kusokota kila kros kwa mkono na kutazama sili zake hufaa kufanywa kila mwezi, na tena mvua ndefu zinapoanza na zinapokwisha. Ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, kwa magari ya biashara hauchukui nafasi ya kazi hii, kwa sababu kros yenye maji ndani huweza kuharibika kabisa ndani ya miezi michache. Kwenye daftari la gari huandikwa tarehe, kilomita, kros iliyowekwa na saizi yake. Daftari hilo humwonyesha mwenye gari kama kros zake zinaishi miaka au miezi. Zikiwa zinaishi miezi, tatizo haliko kwenye kros: liko kwenye pembe, springi, mzigo au grisi, na huko ndiko ukarabati unaofuata unakotakiwa kuanzia.